Azola: mwongozo kamili wa kuitambua, kuichukua majini na kuiotesha hodhini

Azola ni mmea mdogo unaoelea majini, unaooteshwa kuwa chakula cha mifugo na mbolea ya mpunga. Ya porini hukaa pembezoni mwa bwawa, nyuma ya matete, pale upepo usipofika na maji yasipokwenda popote. Mara nyingi ng'ombe wamekanyaga tope jirani na samadi yao imechuruzikia majini. Kivuli cha matete huipitia sehemu ya siku, kisha jua hurudi. Ukiielewa sehemu hiyo umeshaelewa kilimo chake: maji yaliyotulia na yasiyo na kina kirefu, fosforasi ya kutosha, jua lililopunguzwa makali, hewa yenye unyevu. Hodhi la azola likifa, karibu kila mara limekosa mojawapo ya hayo. Ajabu ni kwamba mwenye hodhi huwa amejaribu kuliokoa kwa kumwaga kile ambacho azola haihitaji hata kidogo, yaani mbolea ya nitrojeni.

Mmea wenyewe

Azola ni jamii ya kangaga, ila hii huelea. Haina ua wala mbegu. Shina lake jembamba hugawanyika vitawi, na kila kitawi kimefunikwa na majani madogo yaliyopandana kama magamba ya samaki. Kila jani lina sehemu mbili. Ya juu ni nene, ya kijani, na ndani yake mna uwazi. Ya chini ni nyembamba, karibu haina rangi, hulala majini na kuusaidia mmea uelee. Mizizi huning'inia tu, haishiki udongo. Ukimwagia maji juu ya azola yenye afya, matone hubiringika na kuanguka, majani hayalowi.

Katika ule uwazi wa jani huishi bakteria wa kijanibuluu, *Nostoc azollae*, ambao katika maandishi ya zamani wanaitwa *Anabaena azollae*. Wanachukua nitrojeni ya hewani na kuigeuza iwe chakula cha mmea, nao mmea unawalisha sukari na kuwapa hifadhi. Hawatoki nje kuingia ndani: azola huwarithisha watoto wake, hata inapozaana kwa spora, yaani chembe za uzazi zinazoshika nafasi ya mbegu. Kwa hiyo hakuna bakteria wa kununua na kuongeza. Ukiuziwa chupa ya "kuamsha azola", umeuziwa maji.

Jenasi hii ilipewa jina na Lamarck, mwanasayansi wa Ufaransa, mwaka 1783. Spishi utakazokutana nazo zaidi ni hizi. *Azolla pinnata* ni ya Afrika, Asia na Australia. Umbo lake ni la pembetatu, upana wa sentimita 1.5 hadi 2.5, na mizizi yake ina vinyweleo vingi kama unyoya. Hiyo ndiyo huvumilia joto vizuri. *Azolla filiculoides* asili yake ni mabara ya Amerika. Huvumilia baridi kali lakini hudhoofu joto likipanda. *Azolla nilotica* ni ya bonde la Nile na mashariki mwa Afrika, nayo ni kubwa kuliko zote: mmea mmoja huweza kupita sentimita 10 kwa urefu. *Azolla microphylla* na *Azolla caroliniana* nazo zimesambazwa sana na wakulima.

Usiichanganye na jirani zake. Lemna ni visahani laini vya kijani visivyo na magamba, kila kimoja kikiwa na mzizi mmoja tu. Salvinia ina majani mapana ya duara, mawili mawili, yenye vinyweleo vilivyosimama juu. Gugu maji ni kubwa mno kufananishwa nayo, ingawa mara nyingi azola hujificha katikati ya mashina yake.

Inakoishi, na kwa nini huko

Utaikuta kwenye madimbwi, mitaro ya mashamba, majaruba ya mpunga, vinamasi, na vijighuba vya mito inayokwenda polepole. Hutaikuta katikati ya ziwa lenye mawimbi. Mawimbi huvunja vitawi, hulowesha majani, na mmea huisha vipande vipande. Mafuriko nayo huifagia yote, lakini msimu unaofuata inaweza kurudi palepale, kwa sababu spora zake hukaa topeni zikisubiri.

Joto linaloipendeza ni nyuzi 20 hadi 30 za sentigredi. Maji yafae kuwa na tindikali kidogo hadi ya kawaida, pH (kipimo cha tindikali) 4.5 hadi 7; huishi nje ya hapo, lakini pH ikipanda sana, chuma kilichomo majini hakipatikani tena na majani huanza kuwa manjano. Haipendi chumvi. Hewa kavu huikausha na kuifanya ivunjike ovyo, ndiyo maana hustawi zaidi kati ya majani marefu kuliko kwenye dimbwi lililo wazi.

Sasa jambo lenye uzito kuliko yote. Mimea mingi ya majini hushindania nitrojeni. Azola ina yake, kwa hiyo haishindani hapo. Kinachoizuia ni fosforasi. Ndiyo sababu hupamba moto karibu na mahali mifugo inaponywea au mbolea ya mashambani inapochuruzikia, na ndiyo sababu hodhi lililowekewa yuria hujaa lemna na mwani huku azola ikikonda. Ukiwapa washindani wake kile walichokuwa wanakosa, umeiondolea azola silaha yake.

Kupata mbegu ya kuanzia

Kwa wakulima wa azola, "mbegu" ni mimea hai tu. Hodhi la mita mbili za mraba linahitaji nusu kilo hadi kilo moja. Chukua kutoka kwa mtu mwenye hodhi safi ukiweza.

Ukichukua porini, epuka mitaro inayopokea maji ya viwanda, gereji au vyoo: azola hufyonza metali nzito na kuzihifadhi mwilini, na baadaye utailisha mifugo. Bwawa wanaponywea ng'ombe lina hatari yake pia. Konokono wadogo wa majini hubeba hatua za awali za minyoo bapa ya ini, na vijinyoo hivyo hujifunga kwenye mimea ya majini vikisubiri kuliwa. Azola ya porini isiende moja kwa moja horini.

Badala yake, isuuze mara tatu kwa maji safi, ondoa kwa mkono kila konokono, kila yai la konokono (huonekana kama utelezi angavu uliogandamana na majani) na kila kijimea kigeni. Kisha iweke kwenye ndoo au beseni pembeni kwa wiki mbili. Kila siku chache hamishia mimea michanga kwenye maji mapya na utupe iliyozeeka. Kinachotoka hapo ndicho mbegu. Kazi hii inachosha, na wengi huiruka. Ndio hao hao ambao baada ya miezi miwili hodhi lao ni la lemna na konokono.

Wakati wa kusafirisha, usiifunge kwenye mfuko wa plastiki uliobanwa. Azola nyingi iliyolundikwa hupata joto na kuanza kuoza ndani ya saa chache. Tumia kikapu au kreti, tabaka jembamba, ikiwa na unyevu lakini haielei majini, na iwe kivulini njia nzima.

Kujenga hodhi

Kipimo kinachofaa kuanzia ni mita 2 kwa mita 1, kina sentimita 20. Kinatosha kujifunzia na mtu mmoja hukifikia pande zote bila kuingia ndani. Ukihitaji nafasi zaidi, ongeza idadi ya mahodhi kuliko kujenga moja kubwa: ugonjwa ukiingia utabaki katika hodhi moja, na upepo hauna uwanja wa kuisukuma azola ikalundikana upande mmoja.

1. Chagua mahali tambarare, karibu na maji, penye kivuli cha robo hadi nusu ya siku. Chini ya mti unaopukutisha majani si pazuri. Majani huoza majini na kunyang'anya oksijeni.
2. Chimba shimo, au panga matofali kwa ubavu juu ya ardhi hadi kimo cha sentimita 20. Sakafu iwe sawa kabisa. Pima kwa pima maji au kwa mpira mwembamba uliojazwa maji. Tofauti ya sentimita 5 kati ya ncha mbili inamaanisha upande mmoja mizizi imo topeni na mwingine imo kilindini.
3. Ondoa mawe na mizizi yenye ncha. Tandika magunia makuukuu ili plastiki isitoboke.
4. Tandika karatasi nene ya plastiki au turubai lisilovuja, ukubwa wa mita 3 kwa mita 2. Hesabu yake: urefu wa mita 2, na kuta mbili za sentimita 20, na sentimita 30 za kukunjia nje kila upande. Zilaze kingo hizo juu ya matofali na kuzikandamiza kwa udongo au mawe.
5. Inua ukingo sentimita chache juu ya ardhi inayouzunguka ili maji ya mvua yasitiririkie ndani. Toboa njia ya kutolea maji ya ziada kwenye kimo cha sentimita 15 na uifunike kwa wavu, la sivyo mvua kubwa itaimwaga azola yote nje.
6. Juu ya hodhi funga neti ya kivuli inayozuia asilimia 30 hadi 50 ya jua, kwa kimo kinachokuruhusu kuinama na kufanya kazi. Palipo na baridi na mawingu mengi, acha wazi.

Matofali yaliyosilibwa kwa saruji yanafaa pia, lakini saruji mpya hupandisha pH sana. Jaza maji, acha siku kadhaa, mwaga, rudia mara tatu au nne kabla ya kuweka mmea wowote.

Maji na chakula

Chekecha kilo 10 hadi 15 za udongo wenye rutuba na uusambaze sawasawa juu ya plastiki. Utapata tabaka la kama nusu sentimita. Udongo huu ndio akiba ya madini madogomadogo, hasa chuma na molibdeni, ambayo bakteria wa nitrojeni huyahitaji.

Koroga kilo 2 za samadi ya ng'ombe katika lita 10 za maji, pamoja na gramu 30 za superfosfati ya kawaida, ile yenye takriban asilimia 16 ya fosfati. Kama ulicho nacho ni TSP, superfosfati iliyokolezwa yenye asilimia 46, gramu 10 zinatosha. Ponda chembe kwanza na uziloweke usiku kucha kwa sababu haziyeyuki upesi. Chuja, mimina hodhini, kisha ongeza maji hadi kina kifike sentimita 10. Hodhi la kipimo hiki litachukua lita 200 hivi.

Maji ya bomba yenye klorini yaache wazi kwa siku moja. Ya kisima yaonje: yakiwa na ladha ya chumvi, azola itakataa. Samadi ya kuku itumie kwa uangalifu, robo tu ya kiasi cha ile ya ng'ombe na iliyokwisha kuoza, kwa kuwa amonia yake huunguza mizizi. Mbolea za viwandani za DAP na NPK zina nitrojeni, ziache. Majivu ya kuni yana fosforasi kidogo lakini hupandisha pH, basi yasiwe tegemeo.

Kwa nini sentimita 10? Maji yakiwa haba, mizizi huzama topeni, uvunaji unakuwa wa kung'oa, na jua la mchana huyachemsha. Yakiwa na kina cha nusu mita, chakula ulichopima kimetawanyika mara tano. Zingatia hata baada ya hapo: maji hupungua kwa mvuke kila siku, kwa hiyo weka alama kwenye ukuta na uongeze hadi hapo.

Kupandikiza na kuhesabu siku

Acha tope litulie siku nzima. Jioni, tawanya mbegu juu ya maji, kisha nyunyiza maji kidogo kwa mkono ili mimea iliyopinduka igeuke. Inayobaki kichwa chini, mizizi juu, hufa.

Katika hali nzuri uzito wa azola huongezeka maradufu kila siku tatu hadi tano. Chukua nne: nusu kilo inakuwa kilo moja siku ya 4, kilo mbili siku ya 8, kilo nne siku ya 12. Kilo nne juu ya mita mbili za mraba ni zulia lililojaa. Kwa hiyo hodhi lililoanza vizuri hujaa kati ya siku ya 10 na ya 15. Ikifika siku ya 20 maji bado yanaonekana, usisubiri. Kuna kasoro, nayo imeelezwa huko mbele.

Mbegu chache kupita kiasi si kuokoa. Maji yaliyo wazi hupokea jua, mwani hushika nafasi, na mbu hutaga. Gramu 250 kwa kila mita ya mraba ni kima cha chini.

Kuvuna

Ukishaona zulia limejaa, vuna. Ucheleweshaji ndio unaoua mahodhi mengi kuliko wadudu wote, kwa sababu azola iliyobanana hupandana, vitawi husimama wima, ya chini hukosa mwanga, huwa manjano, huoza, na maji hunuka.

Hodhi la mita mbili za mraba hutoa gramu 500 hadi 600 kwa siku. Si takwimu ya kutamanisha tu, inaingia akilini: azola inayoongezeka maradufu kwa siku nne hukua karibu asilimia 19 kila siku, na ukiacha kilo mbili na nusu hadi tatu majini, ongezeko la siku moja ni hilo hilo. Ukivuna mara moja kwa siku tatu, chukua kilo moja na nusu. Kamwe usiache chini ya nusu ya uso wa maji imefunikwa.

Tumia chujio au kikapu chenye matundu ya sentimita moja. Kiweke juu ya ndoo iliyojaa maji nusu na uitikise azola ndani yake. Harufu ya samadi hutoka, na vimea vichanga hupenya matundu na kuangukia ndooni. Maji hayo pamoja na vichanga vyake yarudishe hodhini. Hao ndio mavuno ya wiki ijayo.

Matunzo

Kila siku tano: kilo 1 ya samadi na gramu 20 za superfosfati (gramu 7 za TSP), zilizokorogwa na kuchujwa. Mimina chini ya zulia, kwa mrija au kwa kulisogeza pembeni. Ukiimwaga juu ya majani, samadi hubaki hapo na kuvutia kuvu.

Kila siku kumi: toa robo ya maji, yaani lita 50, na uweke mapya. Maji hayo ya zamani ni mbolea nzuri ya bustani. Kila siku thelathini: ondoa kilo 5 za tope la chini na weka udongo mpya wa kiasi hicho, nitrojeni isijikusanye. Kila miezi sita safisha hodhi zima na uanze upya kwa mbegu changa.

Weka pia beseni la akiba mbali na mahodhi, na vyombo vyake pekee. Siku hodhi likishambuliwa utajua faida yake.

Yanayoharibika, na sababu zake

Rangi nyekundu. Hapa ndipo watu hubabaika, kwa sababu sababu ni nyingi na rangi ni ileile. Angalia mahali na mizizi. Ikiwa nyekundu ni sehemu inayopigwa na jua tu, na iliyo kivulini ni kijani, ni jua, ongeza neti. Ikiwa imeanza baada ya usiku wa baridi na mizizi ni ya kawaida, ni baridi, itajirekebisha. Ikiwa hodhi zima ni jekundu, mimea imekuwa midogo, na mizizi ni mirefu kuliko kawaida na imejikunja, ni njaa ya fosforasi.

Usipokuwa na hakika, fanya jaribio la bakuli mbili. Chota maji ya hodhi katika zote mbili, moja uitie punje chache za fosfati iliyoyeyushwa, weka mimea kumi kila moja, ziache mahali pamoja kwa siku tano. Azola ya bakuli lenye fosfati ikirudi kijani na kuzaa huku nyingine ikisimama, umepata jibu kwa gharama ya karibu bure. Ikiwa zote mbili ni sawa, tafuta kosa kwingine.

Umanjano. Ukiwa chini ya zulia tu, ni msongamano: vuna. Ukiwa kwenye ncha changa za juu, ni upungufu wa chuma, na nyuma yake mara nyingi iko pH iliyopanda. Badilisha theluthi ya maji na uongeze udongo uliochekechwa.

Mizizi inayodondoka. Ukikuta uzi mwingi mweusi chini na mimea isiyo na mizizi, maji yamepata mshtuko: joto kupita kiasi, amonia ya samadi mbichi, au chumvi. Badilisha nusu ya maji siku hiyo hiyo.

Maji ya kijani. Huo ni mwani, dalili kwamba mbegu zilikuwa chache au nitrojeni imezidi. Weka kivuli kizito kwa siku tatu, ongeza mbegu, simamisha samadi kwa muda lakini endelea na fosfati.

Vijifuko vya utando. Ukiona vitawi vimeshonwa pamoja kwa nyuzi kama za buibui, fungua kimoja. Ndani utakuta kiwavi wa nondo mdogo wa majini. Huyu humaliza hodhi kwa siku chache, hasa wakati wa joto na zulia likiwa limebanana. Hakuna dawa ya kupuliza utakayoweza kuitetea mbele ya mnyama atakayeila azola hiyo. Ondoa sehemu zote zilizoshonwa, vuna nusu ya iliyobaki, na funika hodhi kwa chandarua usiku, wakati nondo wanapotaga. Kama zaidi ya theluthi imeshonwa, toa yote, ianike juani, sugua plastiki, anza na mbegu ya beseni la akiba.

Konokono. Tandaza jani la kabichi au la papai juu ya maji jioni, litoe alfajiri likiwa na konokono wake. Rudia kila siku kwa wiki mbili ili wanaoanguliwa nao wakamatwe.

Mabaka meusi yanayoteleza. Ni kuvu, huja na joto, unyevu na msongamano. Toa mabaka pamoja na kiganja kizima cha mimea inayoyazunguka, punguza zulia, acha upepo mwepesi upite.

Azola kulundikana upande mmoja. Upepo. Weka vijiti vikavu au mianzi vielee juu ya maji ili vigawe uso wa hodhi vyumba vya nusu mita.

Hesabu ya chakula cha mifugo

Sifa za azola hutangazwa sana, na nyingi ni za kweli zikisomwa sawasawa. Protini ni asilimia 20 hadi 30, lakini ya uzito mkavu. Azola mbichi ni maji matupu kwa zaidi ya asilimia 90. Kilo 100 zilizokaushwa hubaki kilo 5 hadi 7. Gramu 500 unazovuna kwa siku ni kama gramu 30 za chakula kikavu.

Kuku anayetaga hula gramu 110 hadi 120 za chakula kwa siku. Ukitaka azola iwe asilimia 5 ya chakula hicho, kuku mmoja anahitaji karibu gramu 100 mbichi. Hodhi moja, basi, ni la kuku watano. Anayemiliki kuku hamsini apange mahodhi kumi, na anayemfikiria ng'ombe wa maziwa ajue kwamba kilo moja au mbili kwa siku ni kiungo cha kuongeza ubora wa lishe, haiondoi majani wala pumba.

Anza na kiasi kidogo, ukichanganya na chakula walichozoea, kwa wiki moja hadi mbili. Kuku huikataa mara ya kwanza kwa sababu ya harufu, hasa isiposuuzwa. Bata na sato hawana ubishi. Kwa kukausha, tandaza kivulini tabaka la sentimita 2, igeuze mara kwa mara, mpaka ivunjike ikifikichwa. Hifadhi kwenye chombo kisichopitisha hewa. Jua kali huifanya kuwa ya kahawia na hupunguza ubora.

Katika majaruba ya mpunga

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuiotesha kabla ya kupandikiza mpunga, kisha kuichanganya na tope. Zulia la kilo moja na nusu kwa mita ya mraba ni tani 15 kwa hekta, ambazo hubeba karibu kilo 30 za nitrojeni. Lazima ifukiwe, ikiachwa juu haitoi kitu, kwa kuwa nitrojeni yake iko ndani ya mmea hai na hutoka pale tu unapooza.

Ya pili ni kuitawanya, gramu 200 hadi 500 kwa mita ya mraba, wiki moja baada ya kupandikiza, miche ikiwa imeshika. Hapo hufunika maji, huzuia magugu kuchipua, na hupunguza upotevu wa mbolea hewani, kwa sababu kivuli chake huzuia mwani unaopandisha pH ya maji mchana. Miche mifupi mno inaweza kulazwa na zulia, kwa hiyo usiwahi. Maji yakikauka katikati ya msimu, azola hukaa juu ya tope na kufa. Ifukie siku hiyo kwa mkono au kwa palizi.

Isitoroke

Tabia inayoifanya azola ipendwe hodhini ndiyo inayoifanya balaa nje. Zulia lake kwenye bwawa huzuia mwanga na oksijeni, samaki hukosa pumzi, na mifugo hugoma kunywa. *Azolla filiculoides* ilipoenea Afrika Kusini, hatimaye ilidhibitiwa kwa fukusi mdogo, *Stenopelmus rufinasus*, aliyeachiliwa mwaka 1997. Uingereza ilipiga marufuku uuzaji wa spishi hiyo kuanzia mwaka 2014. Kagua sheria ya mahali ulipo kabla ya kuagiza spishi ngeni, na ukipata ya kwenu, itumie hiyo.

Hodhi lisiwe kwenye mkondo wa mafuriko. Suuza ndoo, chujio na buti juu ya ardhi kavu, si mtoni. Maji unayoyatoa kila siku kumi yamwage bustanini, mbali na mtaro, maana kitawi kimoja chenye urefu wa ukucha kinatosha kuanzisha zulia jipya. Azola usiyoihitaji ianike juani hadi ikauke kabisa, au ifukie kwenye mboji, nayo huoza ndani ya wiki chache.